Vijiwe

Kiwira, mwezi wa sita. Ukungu umelala mpaka saa nne
na mimi nina gunia la maharage ya kuchambua
kabla lori la Makambako halijafika.

Ungo hauna haraka. Unapepeta,
pumba zinaondoka na upepo zenyewe,
haziombi ruhusa.

"Ile akili ya mashine," anasema Tusekile, goti kwa goti nami,
"wanasema inakaa kule juu kwenye mnara,
usiku inashuka kunyonya ndoto za watoto."
Napuliza. Pumba.
"Ina namba ya mnyama."
Napuliza.
"Siku itaamka yenyewe, ituamuru tulime usiku."
Dada, niliowaona mimi wakilima usiku
waliamriwa na deni. Napuliza.
"Na inasikia tunavyoongea."
Nikacheka, nikapuliza na hilo.

Sisemi haina faida. Mwaka jana
migomba ya Ambokile ilipoanza kunyauka
bwana shamba alikuwa semina, wiki nzima.
Tukapiga picha jani, simu ikataja ugonjwa kwa jina
na jina likawa ndilo.
Tulikata, tukafukia, tukaokoa nusu.
Nusu si haba.

Lakini pumba zikiisha ndipo kazi inaanza,
maana jiwe la shamba letu lina rangi ya maharage,
umbo la maharage,
hata mng'ao.
Jicho linalipita. Litakuja kuonwa na jino.

Hili hapa: Subilaga aliomba mkopo wa mbolea kwa simu.
Sekunde tatu. Hujakidhi vigezo.
Vigezo gani? Akapanda gari hadi Mwanjelwa kuuliza,
akakuta kijana mpole, ana tai:
"Mama, si mimi. Ni mfumo."
Na mkubwa wako?
"Naye anausubiri mfumo."
Alirudi nauli imekwisha na swali lake zima,
halijamegwa hata pembeni.

Na hili: mwanangu Lusajo alisoma sentensi mia nne
za Kinyakyusa ndani ya simu ya watu asiowajua,
akalipwa bei ya kilo mbili za sukari.
Sukari ilipokaribia kwisha akamrekodi na bibi yake,
hadithi za jikoni, na kikohozi chake humo humo.
Bibi tulimzika Machi.
Sauti yake iko wapi sasa? Inamfundisha nani kusema,
na anayeiuza ananunua nini?
Hakuna aliyemwomba ruhusa. Hata mimi,
niliyekuwa pale pale nachochea moto.

Mkono wangu unasita.
Nainama, naokota pumba zilizoanguka karibu,
nazisugua kwa kidole gumba:
ndani mna kijiwe.
Tusekile alikuwa amekivika mapepo tu,
nami nikayacheka mapepo, nikakitupa na nguo zake.
Nisamehe, mwenzangu. Wasikilizaji wapo.
Wana ofisi, wana mishahara, huenda wana watoto
wasiotaka kula maharage.

Basi hicho nacho nakiweka.
Tusekile ananitazama: "Unakusanya mawe?"
Nakusanya. Hakuna jiwe lililojitia chunguni,
upo mkono uliochota, upo mkono uliopika haraka,
na mikono hiyo ndiyo ninayoitafuta, siyo pepo la mnarani.
Nimevifunga kwenye pindo la kitenge.
Jumatatu napanda Mwanjelwa na Subilaga,
navimwaga mezani kwa yule kijana mpole,
na akiniambia ni mfumo
nitamwambia, haya mwanangu, tafuna.

Honi. Lori lile, au jingine.
Limebaki debe moja na macho yamechoka,
najua kuna vilivyonipita.
Sogeza ungo, Tusekile,
manyunyu haya yanaingia.